Chumvi Si Moja: Jedwali la Elementi Lina Nafasi Yake Kliniki

Katika kliniki za shinikizo la juu la damu, za moyo na za figo, kuna ushauri unaotolewa kila siku kwa maneno mawili tu: “Punguza chumvi.” Mgonjwa huitikia, huchukua dawa zake na kurudi nyumbani, na huko jikoni ndiko maneno hayo hupewa tafsiri. Mmoja huacha chumvi ya dukani lakini huendelea kulainishia maharage kwa magadi, kwa sababu magadi hakuambiwa ayaache. Mwingine hurejea kwenye chumvi ya majivu aliyoizoea utotoni, ile inayochujwa kutoka majivu ya maganda ya ndizi au ya maharage, akiamini kwamba kitu cha asili hakiwezi kudhuru. Wa tatu, mwenye uwezo zaidi, hununua kopo la chumvi mbadala katika duka kubwa la mjini. Wote watatu wametii. Hata hivyo, wa kwanza hajapunguza kile alichotakiwa kupunguza, na hao wawili wengine wamepunguza sodiamu kwa kuongeza potasiamu. Figo zao zikiwa nzima, huenda wakafaidika. Zikiwa zimechoka, utii wao unaweza kuusimamisha moyo.

Kosa si la mgonjwa. Neno chumvi ni pana mno. Katika Kiswahili limebeba chumvi ya mezani na chumvi ya mawe, limebeba chumvi ya haluli iliyotumiwa na wazee kusafisha tumbo, na unga wa ORS anaopewa mtoto anayehara nao huitwa chumvichumvi katika nyumba nyingi. Kemia nayo haisaidii kupunguza upana huo, maana kwa mkemia chumvi ni jina la jamii nzima ya michanganyiko inayozaliwa pale asidi inapokutana na besi. Daktari anaposema chumvi, mara nyingi huwa anakusudia elementi moja tu, nayo ni sodiamu. Anaijua vizuri, hakuitaja. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba aitaje, na kwamba ili kuitaja kwa manufaa, mhudumu wa afya anahitaji kulirejea jedwali moja ambalo wengi waliliaga siku walipomaliza mtihani wa kemia: jedwali la elementi.

Jedwali hilo lilitokana na kazi ya watu waliotafuta njia ya kukumbuka mambo mengi kwa pamoja, jambo ambalo kila mwanafunzi wa udaktari au uuguzi analielewa. Mjerumani Johann Döbereiner, aliyejifunza kazi kwa mtengeneza dawa kabla ya kuwa profesa mjini Jena, alionyesha mwaka 1829 kwamba baadhi ya elementi hujipanga tatutatu kwa tabia. Lithiamu, sodiamu na potasiamu zilikuwa utatu mmoja. Uzito wa atomi zake, kwa vipimo vya sasa, ni karibu 7, 23 na 39, na ile ya kati imekaa nusu ya njia baina ya ndugu zake. Klorini, bromini na iodini zilikuwa utatu mwingine. Kalsiamu, stronshiamu na bariamu utatu wa tatu. Miaka 40 baadaye, mwaka 1869, Dmitri Mendeleev wa St. Petersburg alikuwa akiandika kitabu cha kufundishia alipozipanga elementi zote zilizojulikana wakati ule, zipatazo 63, kwa kufuata uzito, huku zile zenye tabia moja zikiangukia kundi moja.

Kilichompa Mendeleev heshima si kupanga peke yake, kwa maana wengine nao walikuwa wamejaribu. Ni kwamba tabia na uzito vilipogongana, aliamini tabia. Telurima, au teluriamu kama wengine waiitavyo, ni nzito kidogo kuliko iodini. Kwa kanuni ya uzito ilipaswa kukaa mbele ya iodini. Yeye aliibadilisha nafasi yake na kuiweka iodini pamoja na klorini na bromini, kwa sababu ndiko ilikofanana. Pia aliacha nafasi tupu kwa elementi zisizojulikana na kueleza mapema zingekuwaje. Galiamu ilipatikana mwaka 1875, skandiamu mwaka 1879, jemaniamu mwaka 1886, zote zikiwa karibu sana na maelezo yake. Leo nafasi zilizojazwa ni 118, na sababu ya mfanano inajulikana: elementi za ukoo mmoja zina idadi sawa ya elektroni katika mzingo wa nje wa atomi, na elektroni hizo za nje ndizo zinazoshirikiana na ulimwengu. Sodiamu na potasiamu kila moja ina elektroni moja huko nje na huiachia kwa urahisi, hivyo zote mbili huingia mwilini zikiwa na chaji chanya moja. Klorini na iodini kila moja imepungukiwa elektroni moja na huitafuta kwa pupa.

Hapo ndipo tiba inapoingia. Seli haisomi lebo. Mlango uliopo kwenye utando wake hupima mambo machache tu, hasa chaji na ukubwa, na chochote kinachofaulu vipimo hivyo hupita. Kwa hiyo elementi inayofanana na ndugu yake inaweza kupita mahali pa ndugu yake, ikafika alikokuwa akielekea, kisha ikafanya huko kazi tofauti kabisa. Sehemu kubwa ya sumu na sehemu kubwa ya dawa hutumia njia hiyo hiyo.

Mwaka 1949 lithiamu ilionekana kwa sura zote mbili. Nchini Marekani kloridi ya lithiamu ilikuwa ikiuzwa kama chumvi mbadala kwa wagonjwa wa moyo na wa shinikizo la damu waliokatazwa sodiamu. Ladha yake ilikaribia ile ya chumvi, na wagonjwa waliinyunyizia chakula kadiri walivyopenda. Baadhi yao walipata sumu, wengine wakafa, na bidhaa hiyo ikaondolewa sokoni. Mwaka huo huo daktari John Cade wa Australia alichapisha taarifa kwamba lithiamu hutuliza wagonjwa wenye wazimu wa kuchangamka kupita kiasi. Dawa hiyo ingali inatumika, na ni miongoni mwa dawa muhimu za ugonjwa wa hisia zinazopanda na kushuka.

Mgonjwa anayeitumia leo anaishi na ukoo huo ndani ya figo zake. Figo huirudisha lithiamu kwenye damu kwa njia zile zile zinazorudisha sodiamu. Mwili ukipungukiwa sodiamu na maji, kwa kuhara, kwa kutapika, kwa jasho jingi au kwa kuacha chumvi ghafla, figo hujitahidi kuokoa sodiamu iliyobaki na kuiokoa lithiamu pamoja nayo. Kiwango kinachotibu, ambacho kwa kawaida ni kati ya milimoli 0.6 na 1.2 kwa lita, hupanda kuelekea kile kinachodhuru bila mgonjwa kumeza hata kidonge kimoja cha ziada. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, pamoja na baadhi ya vidonge vya kuongeza mkojo, hufanya vivyo hivyo. Sasa mgonjwa huyo huyo akienda kliniki nyingine kwa ajili ya shinikizo la damu na kuambiwa “punguza chumvi,” maneno mawili ya busara yatakuwa yamemsogeza karibu na kutetemeka, kuyumba na kuchanganyikiwa. Muuguzi anayekumbuka kwamba lithiamu na sodiamu ni ndugu hahitaji kukariri orodha ndefu ya tahadhari. Nyingi kati yake atazifikia mwenyewe.

Turufu ya ukoo huu kwa Mwafrika Mashariki imo jikoni, na imeandikwa kwenye jedwali lenyewe kwa herufi ambazo wanafunzi huzilalamikia. Kwa nini sodiamu iwe Na na potasiamu iwe K? Na ni ya natriamu, neno lililotokana na natroni, yaani magadi. Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania, limebeba jina hilo hilo. K ni ya kaliamu, na asili yake ni neno la Kiarabu al-qali, majivu ya mimea. Magadi na majivu: vitu viwili ambavyo bibi yeyote anavijua, na ambavyo kwa karne nyingi hata wataalamu wa Ulaya walivihesabu kuwa karibu kitu kimoja. Ni mwaka 1807 tu ambapo Humphry Davy, mjini London, alitumia umeme kuitenga potasiamu, na siku chache baadaye sodiamu. Mwalimu wa kemia anayezieleza alama hizo kwa njia ya magadi na majivu atakuwa amefundisha kemia na lishe ya mgonjwa wa figo kwa wakati mmoja.

Kwa maana magadi ni sodiamu. Si sodiamu pamoja na kloridi kama chumvi ya mezani, bali pamoja na kaboneti, ndiyo maana hayana ladha ileile ya chumvi na mgonjwa hayahesabu. Moyo na mishipa huyahesabu. Chumvi ya majivu, kwa upande wake, ina potasiamu nyingi, kwa kuwa mimea hukusanya potasiamu na moto hauiondoi. Chumvi mbadala za dukani mara nyingi zina kloridi ya potasiamu. Ni nyeupe, zina chembe ndogo kama chumvi, huyeyuka kama chumvi. Wahenga walisema ukiona simba amenyeshewa usidhani ni paka.

Haki itendeke kwa potasiamu, kwani si adui. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2021, uliofanywa katika vijiji 600 vya China na kuhusisha watu wapatao 21,000, ulionyesha kwamba chumvi ambayo robo yake ilibadilishwa kuwa kloridi ya potasiamu ilipunguza kiharusi. Mwezi Januari 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaounga mkono chumvi za aina hiyo kwa watu wazima. Lakini katika utafiti ule watu waliojulikana kuwa na ugonjwa mkubwa wa figo hawakuingizwa, na mwongozo wa shirika hauwahusu wenye matatizo ya figo, wajawazito wala watoto. Potasiamu ya damu hutakiwa kubaki kati ya milimoli 3.5 na 5 kwa lita, na figo ndizo mlinzi wake mkuu. Mlinzi akilala, au akifungwa mikono na dawa kama spironolaktoni, enalaprili au losatani, kiasi ambacho jirani hukitumia kwa usalama huwa sumu kwa mwenye nyumba. Hapo hata maji ya dafu, ambayo watu wa pwani huyanywa kama baraka, hugeuka kuwa jambo la kumuuliza daktari.

Huenda msomaji akauliza: ikiwa sodiamu na potasiamu ni ndugu wa karibu hivyo, mbona mwili huzitofautisha? Huzitofautisha kwa gharama kubwa. Pampu iliyogunduliwa na Jens Skou wa Denmark, aliyeieleza mwaka 1957, huitoa sodiamu nje ya seli na kuiingiza potasiamu ndani, usiku na mchana, na hula sehemu kubwa ya nishati ya mwili uliopumzika. Tofauti hiyo baina ya ndani na nje ndiyo inayowezesha neva kupeleka ujumbe na moyo kupiga. Mlango wa potasiamu nao, kama Roderick MacKinnon alivyouonyesha mwaka 1998, una shingo nyembamba iliyopimwa sawasawa na ioni ya potasiamu. Sodiamu ni ndogo kuliko potasiamu, lakini haipiti vizuri, kwa sababu haizigusi kuta za shingo hiyo kwa namna ya kuridhisha na hivyo haiko tayari kuyavua maji yaliyoizunguka. Mwili umejifunza kuwatenganisha ndugu hawa wawili kwa kuwa umeishi nao daima. Wale wengine wa ukoo, ambao hukutana nao mara chache, haukupata nafasi ya kuwazoea. Seziamu hupita kama potasiamu. Mwaka 1987, mjini Goiânia nchini Brazili, chombo cha tiba ya mionzi kilichotelekezwa kilivunjwa na seziamu yake ikasambaa kwa watu. Wanne walikufa, na dawa iliyotumika kuwasaidia waathirika ilikuwa rangi ya buluu ya Prussia, inayoikamata seziamu ndani ya utumbo kabla haijapata kuigiza tena.

Ukoo wa pili unajulikana zaidi katika wodi ya wazazi, ingawa wengi hawauiti kwa jina. Mama mwenye kifafa cha mimba, au aliye katika hali kali inayokitangulia, hupewa magnesiamu salfeti. Ni ile ile chumvi ya haluli, safari hii ikiwa imesafishwa na kuwekwa ndani ya sindano. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002, uliohusisha wanawake wapatao 10,000 katika nchi nyingi, ulithibitisha kwamba inapunguza hatari ya degedege la kifafa hicho kwa zaidi ya nusu. Kila mkunga aliyefunzwa anajua masharti yake: kabla ya dozi inayofuata apime mruko wa goti, ahakikishe kupumua hakujashuka chini ya mara 16 kwa dakika, na mkojo usipungue mililita 30 kwa saa. Na pembeni pawepo kalsiamu glukoneti, gramu moja, tayari kuingizwa polepole mshipani iwapo mama ataacha kupumua vizuri.

Kwa nini kalsiamu? Wengi hukariri kwamba ndiyo kiuasumu na kuishia hapo. Magnesiamu na kalsiamu zimekaa kundi moja katika jedwali, moja juu ya nyingine, na kila moja huingia mwilini na chaji chanya mbili. Mwishoni mwa neva, mahali inapokutana na msuli, kalsiamu ndiyo inayoingia na kuamuru kemikali ya ujumbe imwagwe ili msuli ukunjamane. Magnesiamu ikizidi huziba njia ya ndugu yake. Amri haifiki. Kwanza hupotea mruko wa goti, kisha misuli ya kupumua hulegea. Kuongeza kalsiamu ni kuongeza idadi ya upande ulioshindwa mlangoni. Na kwa kuwa magnesiamu hutoka mwilini kwa njia ya figo, kipimo cha mkojo kilichoonekana kama kazi ya ziada kwenye chati ndicho kinachosema kama itaondoka au itarundikana. Mkunga anayeuelewa mlolongo huo hataruka kipimo cha mkojo saa nane ya usiku, hata mama akiwa ametulia, kwa sababu anajua utulivu huo unaweza kuwa ndio dalili yenyewe.

Chini ya kalsiamu katika kundi hilo kuna stronshiamu, na chini kabisa radiamu, na zote mbili hufuata njia ya mifupa. Ajali ya Chernobyl ya mwaka 1986 ilimwaga hewani elementi tatu za kuogopwa, na kila moja ilijua kwa kwenda kana kwamba ilisoma jedwali: stronshiamu kwenye mifupa kama kalsiamu, seziamu kwenye misuli kama potasiamu, na iodini yenye mionzi kwenye tezi ya shingo, ambako iodini yoyote huenda. Nchini Poland zaidi ya watoto milioni 10 walipewa iodini ya kawaida ili tezi zao zishibe na kuikataa ile yenye mionzi. Upande wa pili wa sarafu upo hospitalini: radiamu huchomwa mshipani kwa baadhi ya wagonjwa wa saratani ya tezi dume iliyoingia mifupani, na iodini-131 hutibu saratani ya tezi ya shingo, kwa sababu mwili wenyewe huipeleka dawa mahali pake.

Iodini imekwishatajwa, na ukoo wake unastahili neno, hasa kwa wakazi wa Bonde la Ufa. Tabia yao ya kupora elektroni ndiyo inayoua vijidudu: klorini hutiwa kwenye maji wakati wa kipindupindu, iodini hupakwa kwenye ngozi kabla ya upasuaji. Kabla chumvi yenye madini joto haijaenea, wilaya nyingi za nyanda za juu Tanzania zilikuwa na goita kwa wingi, na serikali iligawa vidonge vya mafuta yenye iodini. Madini joto hayo, ambayo mama wa nyumbani huyasoma kwenye pakiti, ni iodini ile ile Mendeleev aliyoihamisha kiti.

Ndugu mdogo kwa uzito na mkali kuliko wote ni florini. Kidogo chake huimarisha meno. Kikizidi katika maji, kama ilivyo katika maeneo mengi kandokando ya Mlima Meru na kwingineko katika Bonde la Ufa, meno ya watoto huota yakiwa na madoa ya kahawia, na baada ya miaka mingi mifupa hukakamaa au kupinda. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 1.5 kwa lita. Hapa elimu ya afya hukutana na mtego ambao jedwali lingeusaidia kuufungua. Wananchi wamefundishwa, na vyema, kuchemsha maji au kuyatia klorini. Lakini vijidudu ni viumbe hai na hufa; florini ni elementi na haifi. Kuchemsha hupunguza maji na kuiacha florini yote chunguni, ikiwa nzito zaidi. Magadi yatokayo kwenye maziwa ya Bonde la Ufa nayo huweza kubeba florini nyingi, hivyo chungu kimoja cha makande kinaweza kuongeza sodiamu kwa baba na florini kwa mtoto. Njia iliyofanyiwa kazi huko Ngurdoto, mkoani Arusha, ni kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng’ombe: florini huchukua nafasi kwenye madini ya mfupa uliokufa, kama vile ambavyo ingechukua kwenye mfupa wa mtoto.

Ipo pingamizi ya haki dhidi ya haya yote. Jedwali si kioo cha mwili. Risasi huigiza kalsiamu, huingia mifupani na kuuvuruga ubongo wa mtoto, ilhali haimo katika kundi la kalsiamu. Imekaa safu ya kaboni. Mwili ulihadaiwa na chaji na ukubwa, si na ukoo. Tena ndugu wawili mashuhuri kuliko wote, sodiamu na potasiamu, wana kazi zinazopingana. Anayelitumia jedwali kama kitabu cha majibu atapotea. Thamani yake ni katika kuuliza: elementi hii inafanana na nani, itapita mlango wa nani, na mlango huo ukifungwa itarundikana wapi? Swali hilo humwongoza muuguzi aliyekutana na dawa ngeni kuliko orodha yoyote ya madhara iliyochapwa kwa herufi ndogo.

Pingamizi ya pili ni ya muda. Mhudumu mwenye wagonjwa 60 kwa asubuhi moja hawezi kufundisha kemia. Ni kweli, na hakuna anayemtaka afanye hivyo. Anachoombwa ni kubadilisha maneno machache. Badala ya “punguza chumvi,” aseme: “Punguza chumvi ya mezani na magadi; chumvi ya majivu na chumvi za kopo usitumie mpaka tupime figo.” Hayo hayafiki hata robo dakika. Kwa anayetumia lithiamu aseme: “Chumvi ya chakula usiibadilishe ghafla, na ukihara njoo siku hiyo hiyo.” Kwa mama wa bondeni: “Maji yachemshe kwa ajili ya kuhara, lakini kwa ajili ya meno ulizia kisima kilichopimwa.”

Kazi nzito iko kwa wanaoandaa mafunzo. Mwanafunzi wa Tanzania hujifunza sayansi kwa Kiswahili shule ya msingi, kisha hukutana na makundi ya elementi kwa Kiingereza sekondari, na mwishoni hutakiwa kumweleza mgonjwa kwa Kiswahili jambo ambalo hakuwahi kulisikia kwa Kiswahili. Si ajabu akakimbilia neno chumvi. Vyuo vya afya vingeweza kulirudisha jedwali mwaka wa kwanza, si kama somo la kemia, bali ndani ya somo la dawa na la lishe, kwa majina ambayo mgonjwa anayafahamu: madini joto, magadi, majivu, chokaa, zebaki, risasi. Kadi ya mgonjwa wa figo ingeweza kuandikwa elementi anazozuiliwa, si vyakula peke yake, maana vyakula havihesabiki na elementi zake ni chache.

Na mamlaka zinazosimamia bidhaa zina wajibu wao. Pakiti ya chumvi ya kawaida imeandikwa wazi kwamba ina madini joto, na maandishi hayo yamewafundisha wananchi zaidi ya mihadhara mingi. Makopo ya chumvi mbadala yaletwayo kutoka nje kwa kawaida hulitaja jina potasiamu kwa Kiingereza, nyuma ya kopo, katikati ya orodha ya viambato. Mbele yake pangetosha mstari mmoja, kwa Kiswahili na kwa herufi zinazosomeka bila miwani: “Ina potasiamu. Mwenye ugonjwa wa figo au anayetumia dawa za moyo asitumie kabla ya kupimwa.”